Macho Yaliyotokeza kwa Ugonjwa wa Tezi ya Shingo: Maswali Yenu Kuhusu Upasuaji

Mama wa Tabata: Homoni zangu zimekaa sawa, lakini macho bado yametokeza. Kwa nini naambiwa nisubiri upasuaji?

Kwa sababu macho yana mwendo wake, mama. Kinga ya mwili inayoshambulia tezi hushambulia pia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho, na kwa kuwa tundu la jicho ni la mfupa usiotanuka, uvimbe hulisukuma jicho mbele. Uvimbe huo huwa mkali kwa miezi 6 hadi miaka 2 hivi, kisha hutulia; ukipasuliwa kabla haujatulia, kazi ya leo inaweza kuharibika mwezi ujao. Ndiyo maana madaktari wengi hutaka macho yakae miezi 6 hivi bila kubadilika. Kama unavuta sigara, nakusihi uache sasa, kwa maana sigara huukoleza ugonjwa huu.

Ipo, hata hivyo, hali isiyosubiri. Tazama kifuniko chekundu cha chupa kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Wekundu ukionekana umepauka upande mmoja, au uoni ukififia, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda mshipa wa fahamu wa jicho unabanwa. Vivyo hivyo kwa jicho lisilofumba likauma na kuwa jekundu, kwa sababu konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, inaweza kupata kidonda.

Msomaji wa Sinza: Nimeambiwa huenda nikapasuliwa mara tatu. Haiwezekani yote yakafanyika siku moja?

Si kila mgonjwa huhitaji yote matatu, ila mpangilio wake una sababu. Kwanza hupanuliwa tundu la jicho, mgonjwa akiwa katika usingizi wa dawa: daktari huondoa sehemu ya mfupa, ambao upande wa pua ni mwembamba kama karatasi, au mafuta, au vyote viwili, ili jicho lirudi nyuma. Likirudi, mwelekeo wa misuli hubadilika na kope nazo hushuka au kupanda, kwa hiyo misuli hufuata, na kope huja mwisho, mara nyingi kwa ganzi tu. Siku ya kliniki chukua picha yako ya kabla ya kuugua. Itamsaidia daktari kuona sura anayojaribu kuirudisha.

Dereva wa bajaji, Mbagala: Naona vitu viwiliviwili. Upasuaji utaniponya?

Upasuaji wa misuli hulenga uone kitu kimoja unapotazama mbele na unaposoma. Ukitupa macho pembeni kabisa, uwili unaweza kubaki. Ujue pia kwamba upasuaji wa mfupa wenyewe unaweza kuleta uwili huo au kuuzidisha, nalo ni jambo la kumuuliza daktari kabla ya kutia saini. Kwa sasa usiendeshe, ndugu yangu. Ziko lenzi maalumu za miwani zinazoweza kukusaidia wakati unasubiri.

Binti wa Kigamboni: Mama akirudi nyumbani, tumuuguzeje?

Alale kichwa kikiwa juu, kwa mito miwili au mitatu, na akandwe taratibu kwa kitambaa baridi na safi. Uvimbe na weusi kuzunguka macho huchukua wiki 2 hadi 3 kupungua. Asipenge kamasi mpaka daktari aruhusu. Chafya ikimjia, apige mdomo ukiwa wazi, ili hewa isipenye kwenye tundu la jicho. Ganzi ya shavu au ya mdomo wa juu isiwatishe, kwani inaweza kudumu kwa wiki au miezi. Lakini akipata maumivu makali ya ghafla, au jicho likaanza kuona giza, mrudisheni hospitali hata kama ni saa nane usiku.