Kabla hujaandika kwamba maorki wamezaliwa waovu

Mkuu, simama kwanza. Umesema unaanzisha kampeni (hadithi ndefu ya vikao vingi) ya Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, na maorki wako, wale viumbe wapiganaji wa hadithi za kubuni, ni waovu "kwa damu", utawapa lafudhi ya watu fulani wanaojulikana ili wachekeshe, halafu unauliza ramani ipi inafaa na uweke maadui wangapi kwa wahusika wa leveli ya 3. Ramani itasubiri. Hiyo habari ya damu ndiyo itakayoua meza yako.

Mimi nilipewa ushauri huohuo na mkongwe mmoja wa mchezo huu: "Usijisumbue, zimwi ni zimwi, wachezaji wanataka kupiga tu." Nikaandika kwenye maelezo ya kampeni kwamba maorki huzaliwa waovu na hawabadiliki. Vikao vya mwanzo vikaenda vizuri, dadu zinarushwa, mapanga yanatembea. Kisha wakaingia pangoni, wakawamaliza walinzi, wakavunja mlango wa mwisho. Ndani kulikuwa na watoto wa maorki, maana kambi yenye familia ina watoto.

Mchezaji mmoja akauliza, "Na hawa wamezaliwa waovu?" Kwa sheria iliyoandikwa, jibu lilikuwa ndiyo. Mwenye kucheza paladini, yaani shujaa aliyefungwa na kiapo kitakatifu, akasema basi wachomwe, ndiyo kazi ya kiapo chake. Wa tatu akafunga daftari. Akasema maneno hayo, kwamba watoto wa watu fulani wameoza tangu tumboni, anayasikia sana nje ya mchezo na hakuja kuyasikia tena hapa. Tulibishana mpaka usiku mkubwa, hakuna aliyegusa dadu tena. Kampeni ilifia palepale, na wawili kati yao mpaka leo hawakai meza moja.

Yule mkongwe alipoulizwa alisema wachezaji ndio laini. Inaniuma kwa sababu alijua. Pango lenye wanawake na watoto wa maorki limo kwenye The Keep on the Borderlands, kisa cha D&D kilichoandikwa na Gary Gygax, mmoja wa waanzilishi wa mchezo huu, na wasimamizi wa mchezo wamegombana juu yake kwa miongo. Tolkien mwenyewe, mwandishi wa The Lord of the Rings, ambaye maorki wa michezo yetu wametoka kwake, alibadilisha maelezo ya asili yao mara kwa mara na hakufika mwisho. Sasa wewe unataka kulimaliza swali hilo kwa mstari mmoja?

Shika hili moja: andika kundi, usiandike jamii nzima ya viumbe. Kundi hili lililo mbele ya wachezaji linataka nini, linaogopa nini, na ni kitu gani kitalifanya lirudi nyuma? Mfano, maorki wameshika daraja. Mto umefurika, mifugo yao imekwama upande huu, na mkuu wao anatoza kila apitaye ili anunue nafaka. Wakishambuliwa watapigana vikali, lakini wakianguka watatu, waliobaki watakimbilia mifugo, maana ikipotea wanakufa njaa wote. Hapo una vita, una mazungumzo, una hata usaliti, na hakuna atakayekuuliza kuhusu damu. Mkuu huyo anaweza kuwa katili kupindukia. Ukatili ni wake yeye na amri zake.

Ukihitaji maadui wa kufyekwa bila maswali, tumia maiti zinazotembea au mashetani. Kwenye kitabu cha mazimwi cha D&D cha 2025 hata magnoli, wale watu-fisi, wamehamishiwa kundi la mashetani, na orki hana tena ukurasa wake humo; tangu 2024 ni mhusika wa kuchezwa kwenye kitabu cha wachezaji.

Lafudhi ifute leo. Mtu wa kabila hilo anaweza kuwa amekaa mezani kwako. Wape maorki usemi unaotokana na kazi yao: wachungaji wahesabu kila kitu kwa mifugo, waelekezane kwa kutaja njia za maji.

Weka hapa kundi lako la kwanza linataka nini, tulijenge pamoja kabla ya kikao.