Jibu Lisiporudi: kwa mnaoanza kazi ya mifumo ya simu

Wengi mnaotoka chuoni mmejifunzia programu kwenye laptopu moja. Kanzidata imo humo humo, seva imo humo humo, na ukibonyeza kitufe jibu limesharudi kabla hujanyanyua kidole. Huku kazini simu iko Tunduma mkononi mwa wakala, seva iko Cape Town au Ireland, na kati yao kuna mnara, nyaya za chini ya bahari na kampuni tatu nne zisizojua kwamba upo. Popote hapo panaweza kukatika, na kwa kawaida panakatika mtu akiwa na haraka.

Mlizoea majibu mawili: imefanikiwa au imeshindikana. Kwenye mifumo ya simu kuna la tatu, na hilo ndilo tunalolipwa mshahara kwa ajili yake: haijulikani. Simu imetuma ombi, mtandao umekatika, jibu halikurudi. Ombi lilifika likashughulikiwa, jibu likapotea njiani? Au halikufika kabisa? Ukiwa upande wa simu huna namna ya kutofautisha, hata uwe fundi kiasi gani. Kwa hiyo acheni kutafuta namna ya kujua, jengeni mfumo ambao kutuma tena hakumdhuru mtu.

Chukua mzazi anayelipa ada ya shilingi 50,000. Duara linazunguka kwenye kioo, linazunguka, anachoka, anabonyeza tena. Mfumo uliojengwa kivivu utamkata 100,000. Dawa yake inajulikana siku nyingi: simu itengeneze namba ya mwamala kabla ya jaribio la kwanza, iihifadhi, na kila ikirudia itume namba ile ile. Seva ikiiona namba iliyokwisha kuipokea, haifanyi kazi upya, inarudisha jibu lile la mwanzo.

Kwa maneno ni rahisi hivyo, lakini nimepitia kazi za vijana wengi na makosa yanajirudia. Wengine huunda namba mpya kila ombi linapotumwa, kwa hiyo jaribio la pili linaonekana kuwa malipo mengine kabisa. Wengine huangalia kwanza kama namba ipo, halafu ndiyo waandike. Maombi mawili yakifika kwa pamoja yote mawili yanaambiwa "haipo", na yote yanaandikwa. Kazi hiyo iachieni kanzidata: wekeni sharti la upekee kwenye safu ya namba, yaani namba moja isikubaliwe mara mbili, na namba iandikwe katika mwamala uleule wa kanzidata unaoandika malipo, ili viandikwe vyote au kisiandikwe chochote. Kuna na wale wanaodhani wamegundua njia ya mkato: simu ile ile, kiasi kile kile, ndani ya dakika tano, basi ni marudio. Si kweli. Mtu ananunua umeme wa 5,000 wa kwake, halafu anamnunulia jirani wa 5,000. Ukimzuia utapigiwa simu, na atakuwa na haki.

Maneno ya kwenye kioo nayo ni sehemu ya mfumo. Msiandike "Malipo yameshindikana" wakati hamjui. Andikeni kwamba malipo yanahakikiwa na asilipe tena, kisha mkahakiki kweli. Taarifa ya matokeo inayoletwa na kampuni ya simu inaweza kuja mara mbili, inaweza kuchelewa, na wakati mwingine hufika kabla hata ya jibu la ombi lako mwenyewe. Msikae kuisubiri tu. Baada ya muda fulani mfumo wenu uende kuuliza hali ya mwamala. Na kila asubuhi fanyeni usuluhishi wa hesabu: orodha yenu na yao, mstari kwa mstari. Wahasibu wanalijua hili tangu enzi za vitabu vya mkono. Sisi watu wa kompyuta ndio tunaoliona jipya.

Umbali nao una gharama yake. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mitambo yake ilikuwa Ulaya, na haikuhamishiwa Kenya mpaka 2015. Mtu wa Nairobi akimtumia pesa jirani yake, taarifa ilikwenda Ulaya ikarudi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata mambo yote yakienda sawa, na nyaya za baharini hazinyooki. Kufungua muunganisho salama kwa TLS (kanuni za kufunga mawasiliano yasisomwe njiani) ya zamani kulihitaji mizunguko mitatu ya kwenda na kurudi kabla ombi la kwanza halijaondoka, TLS 1.3 ya mwaka 2018 iliondoa mmoja. Sasa programu inayofungua ukurasa wa mwanzo kwa kuita seva mara nane, moja baada ya nyingine, inamla mteja sekunde na bando bila sababu. Kusanyeni yote katika ombi moja.

AWS, kitengo cha Amazon kinachokodisha seva, walifungua kituo Cape Town mwaka 2020, na tangu hapo wengi wetu tumesogeza mifumo yetu huko. Lakini kusogea karibu hakuondoi kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Kila aliyeegemeza jambo nje aliligundua siku hiyo: programu iliyokuwa kwenye seva za ndani ya nchi bado ilikwama kwa sababu mtumiaji kuingia kwenye akaunti kulipitia huduma ya Ulaya, au kurasa zilisubiri aina ya herufi kutoka Marekani. Andikeni orodha ya kila anwani ambayo programu yenu inaiita. Ni kazi ya nusu siku na hakuna anayependa kuifanya.

Kwa hiyo kazi ya mtumiaji ihifadhiwe kwenye simu kwanza, iingie kwenye foleni, itumwe mtandao ukipatikana. Msitegemee kwamba programu itabaki hai nyuma ya pazia. Tangu Android 6.0 simu iliyotulia bila chaja huzibana kazi za nyuma, na simu za bei nafuu nyingi zinazibana zaidi ya hapo. Saa ya simu pia msiiamini: betri ikifa kabisa tarehe inaweza kurudi miaka nyuma, na wapo wanaoibadilisha makusudi ili wapate maisha zaidi kwenye gemu. Hifadhini saa ya simu na saa ya seva, zote mbili. Seva zenyewe kwa kawaida huandika saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Malipo ya saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari, kwenye seva ni tarehe 31 Januari. Asiyejua hilo atatafuta pesa "zilizopotea" kila mwisho wa mwezi.

Kuhusu kukua. Tangu Amazon waanze kukodisha seva kwa saa mwaka 2006, imekuwa rahisi kusema "mzigo ukizidi tutaongeza seva". Ni kweli kwa seva za programu, mradi hazihifadhi chochote cha mteja ndani yake. Kinachozidiwa ni kanzidata iliyo nyuma. Kanzidata ya PostgreSQL kwa mipangilio yake ya awali inakubali miunganisho 100. Kila seva ikifungua 10, seva ya kumi na moja uliyoiongeza kwa furaha ndiyo inayouangusha mfumo. Kazi ambazo si lazima zijibiwe papo hapo, kama risiti na ripoti, zitieni kwenye foleni zichukuliwe taratibu.

Na kabla ya kuongeza chochote, jiulizeni kama kuna kazi ya kufanya kweli. Matokeo ya mitihani ya taifa yakitoka, nchi nzima huingia saa ile ile, lakini ukurasa wa shule ni ule ule kwa kila anayeufungua. Hauhitaji kanzidata. Unaandikwa mara moja kama faili la kawaida, unasambazwa kwenye seva nyingi zilizo karibu na watu, basi.

Hatari kubwa kuliko umati wa watu ni umati wa simu zenyewe. Tuseme mfumo umelala dakika kumi, na simu 30,000 zimeagizwa zijaribu tena kila baada ya sekunde 5. Hayo ni maombi 6,000 kwa sekunde yakiisubiri seva inayojaribu kuinuka, na itaanguka tena. Kila jaribio lisubiri mara mbili ya lililotangulia, mpaka kikomo fulani, na juu yake kila simu ijiongezee muda wa kubahatisha ili zisije kwa mkupuo. Bila huo muda wa kubahatisha zitasubiri pamoja na kurudi pamoja.

Bili ya klaudi, yaani hizo seva za kukodi, inakuja kwa dola. Wekeni ukomo na tahadhari siku ya kwanza, kabla hata ya kuandika programu.

Msidharau kitochi. Wateja wengi watawafikia kwa kubonyeza nyota na reli, si kwa programu yenu nzuri, na menyu hiyo ina nafasi ya herufi 182 tu na muda mfupi wa kusubiri. SMS ina herufi 160, lakini mtu wa masoko akinakili ujumbe kutoka Word, alama ya juu kwenye "ng'ombe" inakuwa ile iliyopinda, ambayo haimo katika seti ya herufi za GSM, zile za kawaida za SMS. Ujumbe wote unageuzwa mfumo wa herufi, nafasi inashuka hadi herufi 70, na ukigawanywa kila kipande kinabeba 67. Ujumbe wa herufi 150 unalipiwa mara tatu. Safisheni maandishi kabla ya kutuma.

Kwa majaribio, nunueni simu iliyotumika yenye RAM ya GB 1, laini mbili, bando dogo. Anzeni malipo, zimeni data katikati, washeni, bonyezeni tena. Badilisheni laini. Acheni chaji iishe ombi likiwa njiani. Kisha fungueni kanzidata mhesabu mistari: kama mmelipa mara moja na iko mistari miwili, msiipeleke kazi hiyo kwa mteja.