Mkono ulio kwenye picha

Mwanangu,

Salamu kutoka Marangu. Sisi wazima, mama yako magoti tu. Meseji yako nimeisoma. Unasema mjukuu wangu kaulizwa shuleni nani alitangulia kukanyaga Ncha ya Kaskazini, yule mvumbuzi wa Kimarekani Robert Peary au mtumishi wake mweusi, Matthew Henson, nawe ukaona umuulize mzee wa mlimani.

Kwanza hilo neno mtumishi. Ni kweli Peary alimtoa kwenye duka la kofia kule Washington mwaka 1887 awe boi wake. Lakini kufika 1909, safari ya kwenda nchani, nani aliunda sleji za kuvutwa na mbwa kwenye barafu? Henson. Nani aliendesha mbwa na kuzungumza na Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu, kwa lugha yao? Huyo huyo. Peary baridi ilishamla vidole vinane vya miguu. Wazungu wenzake akawarudisha, hata nahodha Bartlett, akabaki na Henson na Wainuiti wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Mtoto ayaandike na hayo majina. Siku zote nasema, abebaye chakula ndiye ajuaye urefu wa njia.

Ile picha ya sebuleni unaijua. Hukuwa umezaliwa, nami nilikuwa msaidizi wa kiongozi wa wageni mlimani Kilimanjaro. Kuanzia Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, yule mgeni wangu miguu ilimwisha, nikamshika kwapani hadi kilele cha Uhuru, nikamsimamisha apigwe picha. Sikuwa na glovu, nilivaa soksi mikononi. Getini akapewa cheti, mimi nikapewa kofia yake. Miezi baadaye picha ikaja kwa posta, imekatwa vizuri kabisa: yeye, bango, na kwapani mwake soksi ya kahawia ya mama yako. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka siku ile.

Sasa usiseme baba ana kinyongo. Fedha na meli alizitafuta Peary, na bila yeye Henson pengine angezeeka anauza kofia. Hilo nalikubali. Lakini Henson alieleza kwamba tarehe 6 Aprili yeye ndiye alikuwa mbele, na tangu hapo bosi wake hakumsemesha vizuri tena. Safari ya miaka yote ile, halafu mtu anakununia! Peary akapewa cheo cha admirali, Henson akaajiriwa karani wa forodha New York. Klabu ya wavumbuzi ya huko ilimpokea 1937, keshazeeka. Alikufa 1955, na mwaka 1988 ndipo mifupa yake ikahamishiwa Arlington, makaburi ya kitaifa ya Marekani, karibu na Peary.

Tena wapo wataalamu wanaobisha kwamba hata hapo nchani penyewe huenda hawakufika. Bartlett alipogeuka, hakubaki mtu wa kuhakiki vipimo vya jua vya Peary. Kwa hiyo nani wa kwanza? Mimi sisemi. Mwalimu ana jibu lake kitabuni, sitaki mtoto akoseshwe maksi kwa sababu ya babu yake. Ila akiniuliza mwenyewe, tumekaa jikoni, nitamwambia abebaye chakula... basi, unajua mengine.

Mkija Desemba njooni na fremu. Kioo cha ile picha kimepasuka, upande wa soksi.

Baba yako