Mwendo ukizidi mara mbili, breki huhitaji umbali mara nne

Je, kasi ya gari ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama nao huongezeka mara mbili tu? Hapana, si mara mbili. Gari likitoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka karibu mara nne, kwa sababu nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kwenye lami kavu na tairi nzima, ni kama mita 14 kwa 50 na mita 55 kwa 100. Hapo bado hujaweka ile sekunde moja hivi ya dereva kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa 100, sekunde hiyo peke yake inakula mita 28, na kama alikuwa anachungulia simu ni zaidi. Nishati hiyohiyo ndiyo inayovunja miili. Shirika la Afya Duniani linasema kasi ya wastani ikipanda asilimia 1 tu, uwezekano wa ajali ya kuua hupanda kama asilimia 4. Mvua au tairi kipara huongeza umbali zaidi, kwa hiyo msizichukue mita hizo kama uhakika.