Kabla Hujalipia Chumba, Mwaga Kopo la Maji Bafuni

Kazi yangu ni kukagua hesabu za SACCOS, vyama vya akiba na mikopo, na kazi hiyo imenilaza kwenye gesti za Iringa, Njombe, Mbeya na Songea kwa miaka 11 sasa. Vitanda vibovu nimevizoea, muziki wa baa ya jirani nimeuzoea, hata jogoo anayewika saa nane za usiku tumeshaelewana. Bafu ndilo lililonishinda. Siku hizi chumba nakichagua kwa bafu lake, godoro nalitazama baadaye.

Kisa kilichonifikisha hapa ni cha Njombe, mwezi wa sita. Anayeijua Njombe anaujua Juni wake: mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jioni ukiongea mvuke unakutoka mdomoni kama unavuta sigara. Niliingia saa mbili usiku, nimeganda kwa baridi ya barabarani.

"Dada, maji ya moto yapo?"

"Yapo baba, karibu sana."

Wakati ule sikujua kuwa "yapo" ya mapokezi ina tafsiri nyingi. Huenda maana yake hita ipo ukutani, kama inafanya kazi au haifanyi hilo ni jingine. Huenda maji yanachemshwa jikoni na utaletewa ndoo, mradi uwe umeomba kabla mpishi hajalala. Huenda yapo alfajiri tu. Hakuna aliyekudanganya hapo, ni wewe hukuuliza vizuri. Siku hizi sisemi "yapo?" Nasema, "Naomba niyaone," naingia bafuni na mhudumu, nafungua koki, naweka mkono.

Bafu lenyewe lilikuwa la kugeukia tu. Choo cha kukaa katikati, bomba la mvua juu yake kabisa, kwa hiyo ama uoge umekitanulia choo miguu, ama ujibane ukutani maji yakupate bega moja. Karatasi ya chooni ilikuwa imetundikwa pale pale yanapoangukia maji. Kandambili zilikuwepo, zote mbili za mguu wa kushoto. Msumari wa kutundikia nguo hakuna. Suruali nikaitupia juu ya mlango, mlango ukagoma kufunga.

Nikafungua maji, yakaja vuguvugu, nikamshukuru Mungu na kujipaka sabuni kuanzia kichwani. Yakapoa. Macho nimefumba, nikazidi kufungua koki kuutafuta moto, kumbe ndiyo naukimbiza. Nilipofanikiwa kufumbua jicho moja nikaona balaa la pili: tundu la kutolea maji lilikuwa kwenye kona iliyoinuka, na maji yote yalikuwa yanatambaa kuelekea mlangoni. Yalishavuka. Chumbani, sakafuni, nilikuwa nimeacha begi lenye leja mbili na risiti za mwezi wa nne.

Usiku ule risiti zililala kitandani, moja moja, na mimi nikalala kwenye kiti. Asubuhi mweka hazina wa chama alinitazama ninavyozitoa kwenye mfuko wa rambo, zimejikunja kama majani ya chai. Hakuuliza. Sikusema.

Basi tangu hapo, nikionyeshwa chumba nachukua kopo, najaza maji, namwaga katikati ya sakafu ya bafu na kusubiri. Nusu dakika inatosha. Sakafu iliyojengwa vizuri ina mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu. Jicho haliuoni mteremko huo, ila maji yanaujua. Yakienda kwenye tundu, lipia. Yakisimama, utaoga kwenye dimbwi. Yakija mlangoni, omba chumba kingine, na kama hakipo, begi liwe juu ya meza na taulo kuukuu lizibe chini ya mlango. Na wewe unayejenga gesti, usimmalizie fundi wa vigae hela yake kabla hujamwaga ndoo nzima mbele yake. Vigae vikishakauka ni kuvunja tu.

Sasa hizi hita za kichwa cha bomba, zile za plastiki zenye nyaya zinazoingia juu. Ndani yake kuna mpira ambao presha ya maji huusukuma ili umeme ushike. Presha ikiwa ndogo mno, mpira hausogei na hita haiwaki kabisa. Presha ikiwa kubwa, maji yanapita mbio na hayapati muda wa kupata moto. Kwa hiyo ukitaka yapate moto zaidi, punguza koki kidogo kidogo mpaka usikie inakaribia kukata, halafu rudisha nyuma kidogo. Mimi Njombe nilifanya kinyume chake. Kitufe cha kuchagua moto mkali au wa wastani usikiguse maji yakiwa yanatiririka: funga koki kwanza. Nyingi zinakula kama wati 5,000 hivi, ndiyo maana mji mzima ukiwa unapika na umeme ukiwa hafifu unapata maji ya uvuguvugu tu hata ufanyeje.

Hapa sifanyi mzaha: ukigusa koki ukahisi mkono unawasha au unatetemeka, toka. Zima swichi ya hita, mara nyingi iko nje ya mlango wa bafu, na omba chumba kingine au ndoo ya maji ya moto. Huo ni umeme unaovuja, na waya wa ethi, ule wa kuupeleka ardhini, haupo au umekatika. Mhudumu atakwambia "huwa inafanya hivyo". Usikubali.

Jambo jingine dogo lililonisaidia ni ghorofa. Gesti nyingi hutegemea simtanki juu ya paa au mnara mfupi, na presha inatokana na kimo tu, kama baa 1 (baa ni kipimo cha presha) kwa kila mita 10. Chumba cha juu kabisa, kilicho karibu na tangi, ndicho chenye maji ya kudondoka. Kwa hiyo mandhari nawaachia wengine, mimi naomba chini. Na bafu likinuka wakati linang'aa, mara nyingi ni maji ya kuzuia harufu ndani ya tundu yamekauka kwa chumba kukaa bila mgeni. Mwaga ndoo moja, subiri.

Msidhani hoteli kubwa zimepona. Semina moja ilinipeleka kwenye ya nyota kadhaa, bafu lina ukuta wa kioo kitupu unaotazama kitanda. Nani aliomba hilo? Chumba nilikuwa nachangia na mzee wa bodi anayelingana na baba yangu, ikabidi kila mmoja wetu awe na safari ya kwenda kununua vocha mwenzake anapooga. Koki ilikuwa chini ya bomba kabisa, hivyo lazima uingie chini ya maji baridi ndipo uyafungulie ya moto. Bomba la kutawazia hakuna, karatasi tu, na sisi wengine hatuendi hivyo. Na vile vichupa vina maandishi ya sisimizi: bila miwani nilioshea nywele losheni, nikashangaa mbona povu halitoki.

Mwezi uliopita nilikuwa Makambako. Nimeshamwaga kopo langu, natazama maji, mwenye gesti akanikuta nimechuchumaa.

"Umepoteza kitu, mwanangu?"

"Hapana mzee. Naangalia maji yanaenda wapi."

Akachuchumaa na yeye. Tukayatazama yakituzunguka viatu, yakipinda, yakishika njia ya mlangoni bila haraka. Mzee akanyamaza kitambo.

"Fundi aliniambia wageni ndio wanamwaga ovyo."

Alinipunguzia elfu tano. Nikalala pale pale, begi juu ya meza.