Paladi, fosfini na kompyuta: maswali yenu wiki hii

Shikamoo mwalimu. Mama anatumia losartan kwa ajili ya presha. Nasikia hutengenezwa kwa paladi. Je, anameza madini hayo?

Marahaba. Hapana. Paladi ni kichocheo: huunganisha pete mbili za kaboni, kisha hujitoa, na mabaki husafishwa kiwandani. Mmenyuko huo unaitwa wa Suzuki, aliyepata Nobel mwaka 2010 pamoja na Heck na Negishi.

Kompyuta inajuaje kinachotokea ndani ya chupa?

Haioni, inakokotoa. Tunaipa mahali pa kila atomi, nayo inatafuta nishati kutokana na msongamano wa elektroni, nadharia iliyompa Walter Kohn Nobel ya 1998. Paladi hujipenyeza kwenye bondi ya kaboni na klorini, hupokea kipande cha pili kutoka kwa boroni, kisha huviunganisha na kurudi ilivyokuwa. Kati ya hatua na hatua kuna kilima cha nishati. Tunachosaka ni kilele chake, kwa sababu molekuli haitulii pale hata ukaweza kuipima.

Kama maabara imeshatoa jibu, hesabu za nini?

Maabara hukuonyesha kilichotokea. Sababu yaweza kubaki imejificha. Mwaka 2000 wanakemia Littke, Dai na Fu walitumia molekuli yenye klorini upande mmoja na triflati (kundi la atomi ambalo, kama klorini, paladi inaweza kuling'oa) upande mwingine. Fosfini ni molekuli ya fosforasi inayoshikamana na paladi. Kwa fosfini ya tert-butili (yenye matawi manene ya kaboni), paladi ilivunja bondi ya klorini. Kwa fosfini ya sikloheksili (yenye pete za kaboni), ikaenda kwenye triflati. Paladi ile ile! Mwaka 2010 Schoenebeck na Houk wakakokotoa njia zote mbili. Fosfini ya kwanza ni nene mno, hivyo paladi hufanya kazi ikiwa na moja tu, na hapo bondi ya klorini ndiyo nyepesi kuvunja. Za pili hukaa mbili, paladi inatajirika elektroni na kuvutwa na triflati. Naupenda sana mfano huu: baada ya hapo unachagua fosfini kwa makusudi, si kwa kubahatisha.

Namba hizo ni za kuaminika?

Kwa tahadhari. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, kosa la kilokalori 1.4 tu kwa moli katika urefu wa kilima hubadilisha kasi unayokokotoa mara kumi. Linganisha njia mbili kwa mbinu moja, maana makosa mengi hufutana.

Nina laptop tu. Nianzie wapi?

Programu ya ORCA, inayofanya hesabu hizi, ni bure kwa matumizi ya kitaaluma. Anza na fosfini ndogo kabisa, PH3, usikimbilie losartan. Ukipata kilele, hakikisha kina mtetemo mmoja tu wenye alama hasi, kisha shuka pande zote mbili uone unafika wapi.