Hesabuni mashimo ya nguzo

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mwanafunzi afundishwe vipi kulinganisha habari za vyombo mbalimbali, na aanzie wapi? Nimefundisha Kiswahili na Historia katika shule za Eastlands hapa Nairobi kwa miaka 26, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilianzia pasipofaa. Basi na nianze na kosa langu.

Nilikuwa na kipindi nilichokipenda mno. Naingia darasani na habari ya uongo iliyovuma WhatsApp, naibandika ubaoni, halafu naichambua kipande kwa kipande mpaka inabaki mifupa. Wanafunzi wanacheka, nami najiona fundi. Wiki inayofuata naleta nyingine. Muhula ulipokaribia kwisha nikawauliza kidato cha tatu wana maoni gani kuhusu magazeti na runinga. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akajibu bila hata kusimama: "Mwalimu, hao wote ni waongo tu." Darasa zima likaunga mkono.

Nilirudi ofisini nimenyong'onyea. Muhula mzima nilikuwa nimewafundisha kudharau. Na anayeshikilia kwamba wote ni waongo amejipunguzia kazi: hana haja ya kusoma gazeti la pili, kupiga simu, wala kwenda kujionea. Mwishowe humwamini anayempendeza. Kama wote wanadanganya, kwa nini asichague uongo mtamu?

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mwanafunzi asianze na uongo. Aanze na habari mbili za kweli ambazo hazifanani.

Mwaka juzi tingatinga lilipita usiku kwenye barabara iliyo karibu na shule yetu, likafagia vibanda vya pande zote mbili. Asubuhi wanafunzi walikuja shuleni wakikanyaga mabati yaliyokunjamana. Siku iliyofuata nilinunua magazeti mawili, ambayo siyataji. Moja lilikuwa na kichwa "Vibanda haramu vyaondolewa", la pili "Wachuuzi wapoteza riziki usiku". Niliyatandaza kwenye meza moja nikawaambia mtu asiniambie lipi ni la kweli. Wapige mstari chini ya vitenzi, basi.

Hapo Kiswahili hutufaa kuliko somo jingine lolote, ingawa wenzangu wa Sayansi hunicheka nikisema hivyo. Vyaondolewa. Kauli ya kutendwa hiyo, lakini ile "na" ya mtenda haipo, kwa hiyo vibanda vimeondolewa na hakuna aliyeviondoa. Wapoteza. Sasa mchuuzi ndiye mtenda, kana kwamba ameangusha riziki yake njiani mithili ya mtu aliyepoteza funguo. Gazeti moja lilikuwa likiegemea upande wa barabara na lingine upande wa wachuuzi, lakini yote mawili yalikuwa yamemficha mwenye tingatinga. Msichana mmoja aliyaangalia kwa muda, akainua mkono: "Kwani hakuna aliyebomoa?"

Tangu siku hiyo siifundishi kauli ya kutendwa kwa "Chakula kililiwa na Juma". Naifundisha kwa gazeti la siku hiyo. Kufa, kufariki, kuuawa, kupoteza maisha, na ile inayonikera kupita zote, "risasi ilimpata", kama vile risasi ilitoka nyumbani kwake ikaenda kumtafuta mtu. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza mtenda yuko wapi hahitaji mimi nimwambie gazeti lipi limeegemea wapi.

Halafu kukawa na suala la idadi. Gazeti la kwanza lilisema vibanda 60, likinukuu taarifa ya waliobomoa. La pili lilisema zaidi ya 200, likinukuu wachuuzi. Yule msichana alikuwa na chanzo chake nyumbani: mama yake alikuwa na kibanda cha chapati na maharagwe papo hapo. Mama naye alisema 200. Nusu ya darasa ikashika 200 kwa sababu mama alikuwepo, na nusu ikashika 60 kwa sababu taarifa ilikuwa na muhuri. Nikawaambia wote wawili wana maslahi, mama na mwenye muhuri, na kwamba kuwa na maslahi si ushahidi kwamba mtu anadanganya.

Jumamosi msichana na wenzake wawili walikwenda na daftari. Mabati hayakuwepo tena. Wenye mikokoteni walikuwa wameshayabeba kwenda kuyauza kwa kilo. Lakini mashimo ya nguzo yalibaki ardhini, mengine yamejaa maji ya mvua. Kibanda kilichosimama peke yake kina mashimo manne. Vilivyopakana hugawana nguzo, kwa hiyo ukihesabu mashimo yote ukagawanya kwa nne utapata vibanda vichache kuliko vilivyokuwepo. Waligundua wenyewe, baada ya kuhesabu mara ya kwanza wakakosea. Hatimaye wakakubaliana kwamba vilikuwa kati ya 85 na 95.

Sasa wana majibu matatu. Msichana akamrudia mama yake kumuuliza: 200 ni za nini? Mama akaanza kuhesabu kwa vidole, na alichokuwa akitaja ni watu: wa mitumba aliyetandika turubai chini, mzee wa kushona viatu, wa njugu, kijana wa mkokoteni wa matunda. Watu waliokosa pa kuuzia. Mwingine katika kundi akaisoma taarifa ya waliobomoa hadi mwisho, jambo ambalo hata mimi nilikuwa sijafanya, akakuta imeandika "vibanda vya mabati". Vya mbao na vya makaratasi havikuingia kwenye hesabu. Waliohesabu hivyo walijua wenyewe kwa nini, lakini kuhusu mabati hawakudanganya.

Kipindi hicho kilikula wiki nzima, na mkuu wa idara aliniuliza silabasi itaisha lini. Sikuwa na jibu zuri.

Tangu hapo darasani kwangu tarakimu haipiti bila kuulizwa nani kahesabu na kahesabu nini. Swali la tatu, mpaka lini, lilikuja baadaye, na sikulitoa kichwani. Mwishoni mwa Juni 2024, baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Rais Ruto alisema kwenye mahojiano ya tarehe 30 kwamba waliokufa ni 19. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikatoa idadi ya 39. Wanafunzi walitaka niwaambie nani mkweli. Niliwaelekeza kwenye jambo dogo: tume ilitaja siku ilizozihesabu, kuanzia Juni 18 hadi Julai 1. Anayetaja siku zake amewaachia wengine mlango wa kumhakiki. Sikulifanya zoezi la alama, maana darasani walikuwepo waliokuwa na ndugu mjini siku ile, na kuna vipindi ambavyo mwalimu hufunga kitabu mapema.

Zoezi la alama nililitoa kwenye uchaguzi wa Agosti 2022. Wengi wenu mnakumbuka tulivyokesha mbele ya runinga. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka fomu za 34A, yaani za matokeo ya urais ya kila kituo cha kura, wazi kwenye tovuti yake, fomu za vituo 46,229, mtu yeyote azifungue. Vituo vya runinga vikaanza kujumlisha, kila kimoja kikaja na hesabu yake, huyu anaongoza hapa, yule anaongoza pale. Mitaani kila mtu akachagua kituo chake, na kwenye matatu dereva akibadilisha stesheni abiria wanamfokea. Lakini fomu zilikuwa zilezile. Nilichapisha chache, nikawapa kundi moja lianze na za Nyeri, alikoongoza Ruto, kundi la pili lianze na za Siaya, alikoongoza Raila Odinga. Baada ya dakika kumi walikuwa na marais wawili. Walipomaliza bahasha zote mbili wakawa na jumla moja. Sijaona maelezo ya mhariri yeyote yaliyowaingia vijana kama zile dakika kumi.

Kuna kosa jingine ambalo watu wazima tunalifanya kuliko watoto: kuhesabu mwangwi kama sauti. "Mwalimu, nimeiona kwa magrupu kumi." Ndiyo, lakini ni ujumbe mmoja, na hata zile nukta za mwisho wa sentensi zimefanana. Magazeti nayo yana mwangwi wake. Tazama habari za kimataifa, chini ya jina la mwandishi utaona "na MASHIRIKA" au AFP au Reuters. Magazeti matatu yaliyochukua habari kwa shirika moja la habari ni chanzo kimoja kilichovaa majoho matatu. Nani anamiliki chombo nalo ni swali la maana, ila mimi hulitengea nusu kipindi tu. Likizidi hapo, tunarudi kwa yule kijana wa dawati la nyuma.

Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaangalia watu 45 wakipima tovuti: wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na wahakiki wa habari. Wasomi walibaki kwenye ukurasa ule ule, wakausoma kwa makini, wakadanganywa na nembo na majina mazito. Wahakiki waliutoka ukurasa mapema, wakafungua kurasa nyingine kuuliza wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti ile. Utafiti huo uliniuma, maana "soma kwa makini" ndiyo nasaha niliyoitoa maisha yangu yote. Shida ni kwamba simu haziruhusiwi shuleni, na kompyuta zetu 14 zinagombaniwa na darasa la watu 50 na ushei. Mtaala mpya umeuweka ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi saba wa kimsingi, lakini haukuleta nyaya. Basi ninachofanya ni kuwaruhusu wasimame. Kundi lililopewa karatasi ya shirika fulani haliandiki neno kabla ya kwenda kwenye meza nyingine kuuliza wanalijua vipi shirika hilo. Kelele huwa nyingi.

Na kuna wakati hakuna cha kulinganisha. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi Maktaba ya McMillan, Barabara ya Banda, jengo lililofunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao. Lengo letu lilikuwa magazeti ya Oktoba 1952, tarehe 20 ya mwezi huo Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau ilipotangazwa. Tulipata East African Standard, sauti ya walowezi. Wanafunzi wakatafuta gazeti la pili la kuweka kando yake, la Waafrika. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeyapiga marufuku magazeti ya namna hiyo. Kwenye jedwali lao safu ya kulia ikabaki nyeupe. Nikawaambia wasiijaze kwa kubahatisha, waandike "ushahidi haupo" na waandike nani aliuondoa. Tukarudi kwa mtenda, tena. Wawili waliokuwa na bibi zao hai walikwenda kuuliza wakati wa likizo.

Nimalizie na la kwangu, kwa sababu darasa hilo hilo lilinigeukia.

Kila mwaka huwasimulia Agosti 1, 1982, Jumapili ya jaribio la mapinduzi. Nchi ilikuwa na shirika moja la utangazaji, Sauti ya Kenya, na aliyeshika kipaza sauti ndiye aliyekuwa ukweli. Mtangazaji wake, marehemu Leonard Mambo Mbotela, alitolewa nyumbani na wanajeshi, akasomeshwa tangazo kwamba serikali imepinduliwa. Kabla siku haijaisha, kituo kilikuwa kimerudi mikononi mwa serikali. Sisi tulikuwa tukiishi Makongeni, baba akiwa mfanyakazi wa reli. Huwasimulia baba alivyoinama kwenye redio yetu akizungusha kitufe, akaitafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ili asikie kutoka mbali kinachotokea hatua chache kutoka mlangoni pake. Huo ndio mfano wangu wa ulinganishi, na huwa nausimulia vizuri.

Muhula uliopita yule msichana wa mashimo ya nguzo aliuliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ulikuwa na miaka mingapi?"

Tisa.

"Na kuna mwingine aliyekuwepo?"

Jioni nilimpigia kaka yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 14. Alicheka. Akasema redio yetu haikuwa na betri tangu Ijumaa, baba alikuwa amekataa kununua nyingine mpaka mshahara utoke. BBC aliisikiliza kwa jirani, mzee mmoja wa karakana ya reli, na sisi watoto tulifungiwa ndani, kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyemwona akizungusha chochote.

Kesho yake niliwaambia darasa. Msichana akachora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja akaandika "mwalimu, miaka 9", upande wa pili "kaka wa mwalimu, miaka 14", na chini yake: "hawaafikiani kuhusu redio". Halafu akataka kujua kama yule jirani bado yu hai.

Mwalimu wa Kiswahili na Historia,
Nairobi